Mwaka wa Praygod

Kidato cha sita tulifundishwa historia na watu wawili: Madam Eliakunda, na mwanawe Praygod, aliyekuwa amekufa miaka mitano nyuma. Sitanii. Madam alifundisha ubaoni, Praygod alifundisha kwenye desa.

Desa lilikuwa daftari lake la historia, hoja sita kwa kila swali. Lilitolewa kopi, na kopi nayo ikatolewa kopi, mwaka hadi mwaka, kwenye stationery moja jirani na stendi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu yeyote, na tarakimu zake za sita zilikuwa na mkia mrefu. Kwenye ukurasa wa Japani kulibaki kivuli cha kidole gumba cha mtu aliyelishikilia daftari siku ya kopi ya kwanza. Habari zake sote tulizijua: bodaboda aliyopanda iligongana na lori pale Bonga, wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa. Walimu waliendelea kumwita Madam "Mama Praygod", naye aliitika.

Darasa letu lilikuwa bingwa wa kumeza. Wote arobaini na wawili tulilimeza desa neno kwa neno, hata pale alipokosea kuweka nukta. Kwenye mtihani wa majaribio tuliulizwa mageuzi ya Meiji nchini Japani, na wote tukaandika, kama desa, kwamba yalianza mwaka 1886. Madam akatuwekea tiki.

Wiki iliyofuata, katika kutafuta ujiko wa kuonekana najua zaidi, nikafungua kitabu cha maktaba. Kiliandika 1868. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Madam alipofundisha Japani hakuwahi kuutaja mwaka wenyewe. Alisema tu "mwaka ule".

Nilikwenda ofisini na karatasi yangu, kichwa juu.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Jovita."

"Madam, hapa nimekosa, lakini umenipa tiki."

Aliitazama ile 1886.

"Tangu yuko darasa la pili alikuwa anageuza namba," alisema. "Nimemchapa, nimembembeleza, wapi! Sasa kila nikisahihisha nakutana naye humu. Nimwekee kosa mara arobaini na mbili, mwanangu?"

Ningenyamaza tu. Lakini mdomo wangu huu!

"Msahihishaji wa taifa hamjui Praygod, Madam. Atatukata maksi."

Alinirudishia karatasi yangu. Nilitoka najichukia, na hadi leo najichukia kidogo.

Kesho yake aliingia darasani na kalamu moja nyekundu. Aliandika ubaoni 1868, akatuambia tufungue ukurasa wa Japani. Kisha akapita dawati kwa dawati, akimkabidhi kila mmoja kalamu ile na kusimama hapo mpaka amalize.

"Mstari mmoja tu," alikuwa anasema. "Usifute. Isomeke."

Alipofika kwangu upepo wa dirishani uliinua karatasi, akaishikilia kwa kidole gumba, juu kabisa ya kile kivuli. Kidole chake kilikienea bila kuzidi wala kupungua. Nikaukata mwaka huku machozi yananitoka, naye akachukua kalamu yake na kwenda kwa mwenzangu wa nyuma.

Mei tukaingia kwenye chumba cha mtihani. Japani ilikuja, swali la nne. Nilifurahi, kwa sababu mimi ndiye niliyemsahihisha mwalimu, na jibu lile nililijua kama jina langu. Niliandika haraka bila kuinua kichwa. Niliporudia kusoma nikakuta nimeandika 1886, na ile sita ina mkia mrefu. Mimi siandiki sita hivyo.

Niliogopa, nikageuka kutazama nyuma kama mtu aliyeitwa. Msimamizi akanikazia macho. Nikaigeukia karatasi, nikapiga mstari mmoja mwembamba, nikaandika 1868 juu yake. Halafu nikahakikisha kwamba ile ya kwanza bado inasomeka.