Miti Sita Niliyobandika Ovyo Pembeni ya Reli

Kosa ni langu. Siyo la mvula, siyo la vita, siyo la mutoto. Langu!

Siku ile mu nyumba yetu ya Kasuku, hapa Kindu, tulikuwa watu wanne. Mimi, jina langu nalificha. Binti yangu Zaina, alikuwa na miaka tisa. Mama Bitondo, mama wa bwana yangu, macho yake yalikuwa yameisha, alikaa kwenye kiti chake karibu na mulango. Na Mama Alphonsine, jirani wetu, alikuja kutwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja nami. Bwana yangu Feruzi hakuwako. Alikuwa amekwenda Kibombo kutafuta chumvi, anasukuma baisikeli.

Feruzi alikuwa mutengenezaji wa njia ya reli. Vita vilipofika, treni haikuja tena. Akakaa nyumbani, mikono inamuwasha. Mwisho akatoa mulango wa jiko, akaulaza juu ya mapipa mawili, akaanza kujenga reli ndogo. Reli ya waya, mataruma ya vijiti vya mawese. Gare ya Kindu, stesheni ile, aliichonga mu ubao wa sanduku. Pori lake lilikuwa sponji ya matela ya kulalia, aliichovya mu maji ya majani mpaka ikawa kijani. Madaraja yote kutoka Kindu mpaka Kibombo yalikuwako, kila moja mahali pake.

Watu walikuja kucheka. Mama Alphonsine alimuchokoza kila siku:

“Baba Zaina, treni yako inatoka saa ngapi? Niko na mawese ya kupeleka!”

“Inangoja shefu wa gare,” Feruzi anajibu.

“Iko wapi huyo shefu?”

“Ndiye, njo yule pale, amelala.” Anaonyesha kuku wetu chini ya meza.

Tulicheka! Hata wakati ule tulicheka.

Halafu watu wakaanza kukimbia kwa miguu kufuata reli, maana mu barabara kulikuwa na bunduki. Feruzi na mwenzake wa kazi, Amisi, walikuwa wanakwenda kuangalia njia, siku mbili, siku tatu. Feruzi anarudi. Ananawa, halafu anatengeneza muti mumoja mukubwa kupita miti ingine. Anachoma tundu mu ubao kwa musumari wa moto. Anazungusha kikaratasi kwenye mguu wa muti, anaupaka ulimbo, ile ya kunasia ndege, anausimamisha. Anaushika kwa vidole viwili mpaka ushike. Hapo hata ukimuita hajibu.

Ikafika miti sita ya namna hiyo. Nikamuuliza mara moja tu.

“Hii mikubwa ni ya nini?”

“Ni miti.”

“Na karatasi?”

“Ni ili isicheze mu tundu. Usiiguse, Mama Zaina. Hata kwa kupangusa vumbi, usiiguse.”

Alisema hivyo. Nilisikia vizuri.

Sasa siku ile ya watu wanne, mvula ilipiga, bati likavuja juu ya mulango ule wa reli. Tulikuwa nyuma kwenye kinu, hatukuona. Tuliporudi, maji yamejaa juu ya ubao, ulimbo umeachia, pori lote liko chini. Miti sita mikubwa ilikuwa imeanguka mu lundo moja chini ya meza. Zaina akaingia kwa magoti, akaiokota, akanipa.

Mama Bitondo akauliza, “Kimeanguka nini?”

“Miti ya mutoto wako, Mama.”

“Iache chini, mukamwana. Ngoja mwenyewe arudi.”

Nikacheka! “Mama, mimi najua kila muntu wa Kasuku kwa jina, na jina la mama yake. Nitashindwa na miti sita?”

Mama Alphonsine naye akacheka. Nikapika unga wa muhogo, nikafanya kole nzito, nikaanza kubandika. Matundu sita, miti sita. Huu ulikuwa hapa, ule ulikuwa pale. Karatasi zilikuwa zimelowa, zimejikaza kwenye miguu, sikuzifungua. Nilikuwa na haraka, nyumba ionekane vizuri. Nikafurahi hata! Hakuna aliyeweza kujua kwamba kuna kitu kilianguka.

Feruzi alirudi na homa. Alilala bila kuingia mu chumba kile. Akaniuliza:

“Miti iko?”

“Iko.”

“Mvula haikuigusa?”

“Haikuigusa.”

Akapumua, akafumba macho. Mu wiki ya tatu akafa.

Soma pale tena, wewe unayesoma. Muntu alikuwa anapumua, alikuwa anauliza. Kama ningesema ukweli, tungemubeba mpaka kwenye meza, angeonyesha kwa kidole: huu hapa, huu pale. Kazi ya dakika chache! Mimi niliogopa kugombezwa.

Miaka ikapita. Mende wanakula kole ya muhogo, miti inaanguka, mimi nabandika tena. Sikujua nabandika nini. Mama Bitondo alikufa, Mama Alphonsine pia.

Sasa majuzi, kiangazi kilichopita, mwanamuke akashuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, mbele ya nyumba.

“Jambo, Koko, bibi yangu. Mimi ni Mwamini, binti ya Salumu. Natoka Obokote.”

“Karibu, mwanangu. Nikusaidie nini?”

“Muzee Amisi aliniita kule Punia mbele ya kufa. Alisema papa yangu alikufa kwenye reli, yeye na bwana yako njo walimuzika. Waliweka mawe tu, bila jina, waliogopa watu wa bunduki wasiwaulize. Alisema bwana yako aliweka muti kwa kila muntu, juu ya meza, na jina liko ndani. Mahali penyewe yeye alisahau, alisema nitazame kwenye meza.”

Nikasikia kama muntu amenimwagia maji mu mikono.

Nilimuita Zaina, sasa ni mama wa watoto wanne, anakaa mutaa wa pili. Aling’oa miti mumoja mumoja, akafungua karatasi pole pole. Ziliandikwa kwa kreyo, kalamu ya risasi, haiogopi maji. Tatu za kwanza zilikuwa za wengine, ya ine ilisema: Salumu wa Obokote. Muti ule ulikuwa kwenye tundu la daraja la pili.

Mwamini akaweka kidole pale. “Ni hapa, Koko?”

Zaina akaniangalia.

Nikasema, “Ndiyo, njo hapo.”

Eh! Mudomo wangu mwenyewe!

Mwamini alikwenda na baba yake mudogo, wakabeba simenti. Kweli walikuta kilima kidogo cha mawe, pembeni ya daraja la pili. Wakajenga. Akarudi kunishukuru na kitenge. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilikiweka mu sanduku, sijakishona.

Alipotoka, Zaina akasema, “Mama, mimi njo niliokota. Ilikuwa yote lundo moja. Ulijuaje?”

“Nyamaza.”

“Kuna muntu pale chini, Mama. Lakini ni nani?”

“Nimesema nyamaza!”

Tangu siku ile hali tena kwangu. Anapita asubuhi, anasalimia akiwa nje, anakwenda.

Mwamini alirudi mara ya pili kusoma dua, na mara ya tatu. Ya ine alikuja na watoto wake, wamevaa nguo za Idi, awaonyeshe koko yao, baba ya mama yao, amelala wapi. Nikaangalia wale watoto. Nikasema yote. Mvula, lundo, muhogo, uongo wa kwanza, uongo wa pili.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu:

“Nimesoma dua pale mara tatu, Koko. Nilimusomea nani?”

“Sijui, mwanangu.”

Akawavalisha watoto viatu, mumoja baada ya mwingine. Nikawapa maji, hawakuchukua. Wakapanda moto.

Sikulia. Mpaka leo sijalia! Napika, nakula, nalala. Niko kama mukono uliolaliwa.

Ninyi wenye mikono ya kupangapanga nyumba, nisikilizeni. Kitu cha mwenzako kikianguka, kiache chini mpaka mwenyewe arudi. Na kama umekigusa, sema siku ileile, wakati yeye bado anaweza kukujibu! Kugombezwa kunaisha. Hii yangu haiishi.

Sasa naandika majina, maana majina ninayo yote. Salumu wa Obokote. Mwalimu Faustin. Aziza na mutoto wake mudogo, hao waliwekewa muti mumoja. Josephine aliyeuza samaki. Muzee Kasongo, fundi wa viatu. Na karatasi ya sita haina jina, imeandikwa tu: muntu, shati nyekundu.

Na mahali, ukitoka Kindu: mbele ya daraja la kwanza, nyuma yake, kwenye daraja la pili, kwenye mukunjo wa reli, karibu na muhame, kijiji kile kilichochomwa, na kwenye jiwe kubwa jeusi. Nafikiri Josephine alikuwa kwenye jiwe. Nafikiri Mwalimu alikuwa kwenye mukunjo, maana muti wake ulikuwa umeinama kidogo. Nafikiri tu! Ya Salumu sithubutu kusema tena.

Ninyi mliopita reli ile wakati ule, mliosaidia kuchimba, ao mlioona Feruzi na Amisi wakichimba: kama nimekosea jina, nisahihisheni. Kama nimekosea mahali, nisahihisheni upesi, mimi ni muzee. Na mukijua mahali pa Salumu, musiniletee mimi. Pelekeni Obokote, kwa Mwamini.