Kibanja cha Baba

Kiingereza nilianza kukisoma darasa la tano, katika shule ya misheni upande wa Bugene, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mwalimu wetu alitoka Bukoba, mtu wa fimbo, na suruali yake ilikuwa imepigwa pasi hata siku za matope. Wiki nzima alitufundisha wingi. Herufi moja tu mkiani, alisema, na ng'ombe mmoja anakuwa kundi. Niliwaonea wivu Wazungu. Kwetu kumpata huyo mmoja ilikuwa kazi ya maisha.

Wiki iliyofuata tukaingia katika umiliki, na hapo nikanogewa. Sisi hukitaja kitu kwanza, mwenyewe baadaye: nyumba ya baba, jembe la mama. Waingereza humtanguliza mwenyewe, wakamning'inizia kialama na herufi, ndipo kitu kifuate. Mwalimu akatutuma tuandike sentensi kumi juu ya mali za kwetu. Nikaandika nyumba ya baba, mkuki wa baba, mibuni ya baba, kibanja cha baba. Nikapata kumi kwa kumi, na daftari langu likasomwa mbele ya darasa zima. Wasichana tulikuwa wanne tu. Nilijiona kweli kweli.

Kibanja chetu kilikuwa shamba la migomba na mibuni lililoizunguka nyumba. Chini ya migomba walilala babu, bibi, na wadogo zangu wawili waliokufa kwa surua. Baba alizaliwa humo. Lakini ardhi ilikuwa nyarubanja: mwenyewe alikuwa bwana mmoja, mtwazi, na sisi tulikaa kwa ridhaa yake. Kila mwaka baba alimpelekea mkungu wa ndizi na kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akapiga magoti, akarudi. Hakuna aliyenificha jambo hilo. Nililijua tangu utotoni, ila nilipoandika sikulifikiria hata mara moja.

Mwaka ule baba akanichukua nikamsindikize. Hakujua kusoma, lakini daftari langu alilibeba mwenyewe, amelifunga kwa jani la mgomba lisilowe. Tulimkuta mtwazi kibarazani na wazee wake. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilikuwa kinazunguka, kila mgeni akichukua punje zake, maana hiyo ndiyo heshima ya kwetu. Kilikuwa kimebakiza watu wawili kumfikia baba.

“Waitu,” baba akamwita kwa neno letu la heshima, magoti chini, “binti yangu anasoma Kizungu. Mruhusu akusomee.”

Nikasoma sentensi zote kumi. Wazee wakacheka kwa furaha.

“Sasa tuambie umesema nini,” mtwazi akaniambia.

Ningeweza kudanganya. Pale hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua Kiingereza. Ningesema kibanja cha mtwazi, tukarudi nyumbani tumeshiba sifa. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitatu na kichwa kimejaa kumi kwa kumi, nikatafsiri neno kwa neno kama tulivyofundishwa. Mdomo huponza kichwa, na wangu uliponza cha baba.

“Kibanja cha baba yako,” mtwazi akarudia taratibu. “Tangu lini?”

“Ni chako, waitu,” baba akasema upesi, akipiga makofi ya kuomba radhi. “Ni chako. Mtoto ni mtoto.”

“Mtoto husema anayoyasikia kwao.”

Kikapu kikampita baba, kikaenda kwa mtu wa nyuma yake. Baba alikuwa ameshanyoosha mkono.

Baada ya mavuno ya kahawa tukaambiwa tuondoke. Kama sheria ilimpa haki hiyo sijui. Nani angekwenda kuuliza? Tukahamia Kimuli, porini, kwenye ardhi isiyo na mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Baba akafyeka na kupanda migomba upya, na umri umeshakwenda. Shule nikaiacha. Hakunigombeza hata siku moja, na hilo sijamsamehe mpaka leo. Angenichapa, ningelia, yakaisha.

Miaka michache baadaye kifua kikambana. Aliniita mimi, hakuwaita kaka zangu.

“Wewe ndiye mwandishi,” akasema. “Mwandikie mtwazi. Mwambie sitaki shamba. Nataka mahali pa kulala tu, pale kwa tata.”

Tata ni baba, kwa lugha yetu. Nikaandika kwa Kiswahili changu chote: kibanja chako, migomba yako, sisi watu wako. Hakuna kitu nilichokiita chetu, hata makaburi. Kaka mmoja akaipeleka barua kwa miguu, siku mbili kwenda na mbili kurudi. Kila mbwa alipobweka baba aliuliza ni nani anakuja.

Jibu lilikuja kwa mdomo. Kibanja kilikuwa na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa ameshapanda mibuni hadi juu ya makaburi. Kaka alinieleza nje, akashindwa kuingia. Nikaingia mimi, nikamwambia baba kwamba bwana amekubali. Safari hii nilijua kudanganya. Baba akanishukuru, akanishika mkono, na kesho yake akafa.

Tulimzika Kimuli, katika shamba ambalo hakuna mtu angebisha kuwa ni la baba. Humo kaburi lilikuwa hilo moja.