Mwalimu Mtego na Tangi la Maji

Zamani mwanafunzi akikosea hesabu aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Siku hizi anakosea huku anatafuna peremende, na mwalimu ndiye anayetakiwa kuomba radhi.

Mwalimu ambaye habari zake zinasimuliwa hapa wanafunzi walimwita Mtego, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Alifundisha Hisabati ya Msingi katika chuo kimoja, na si kwa wanasayansi. Wanafunzi wake walikuwa wale waliozikimbia namba tangu sekondari wakadhani wameziacha mbali: wa uandishi wa habari, wa lugha, wa muziki, wa uendeshaji wa hoteli. Sheria ya chuo ilisema hakuna anayepata cheti bila kufaulu somo hilo. Basi walikuwa wanaingia kwa Mtego kama mtu anavyoingia kwa daktari wa meno, anacheka na wenziwe mlangoni huku mkono uko shavuni.

Ukumbi aliopewa ulikuwa wa chini kabisa, kati ya vyoo na stoo ya viti vilivyovunjika. Taa moja ilikonyeza kutwa nzima. Ubao ulikuwa umepakwa rangi mara nyingi mpaka umevimba katikati, na ukiandika namba nane hapo ilitoka ina kitambi. Idara nyingine zilikuwa na vioo na feni. Idara ya Mtego ilikuwa na chaki, naye hakudai zaidi, maana mtu mwenye chaki na kichwa alikuwa, kwa hesabu zake, ameshatajirika.

Jina la Mtego lilitokana na desturi yake. Kila kipindi, mahali fulani katikati ya ubao, aliingiza hatua moja ya uongo. Hakubadilisha sauti wala hakukohoa. Aliiandika kwa mwandiko uleule mzuri, akaendelea. Aliyeiona alisimama na kusema, "Mwalimu, pana mtego hapo." Basi alipewa kifutio, akaja mbele, akaufuta ule uongo na kuweka ukweli, na Mtego akaenda kukaa kwenye dawati la huyo mwanafunzi, mikono amekunja, akasikiliza kama mtoto mwema. Asipotokea mtu, uongo ulibaki palepale na mwalimu hakuusema, wala kipindi kile, wala muhula mzima. Alijifunza hivyo kwa mwalimu wake wa kwanza, mzee aliyefundisha watoto kuhesabu kwa kokoto. Mzee huyo alikuwa akisema kwamba ukimwonyesha mtu uongo ulipo, umemnyang'anya jicho lake.

Na desturi hiyo ilifanya kazi wakati watu walikuwa watu. Wanafunzi walitoka ukumbini wanabishana, wakabishana kwenye ngazi, wakabishana kwenye foleni ya chakula mpaka mpishi akawafukuza. Mmoja, ambaye baadaye alikuja kuwa mpiga tarumbeta mashuhuri, aliwahi kumgongea Mtego mlango siku ya mapumziko, tonge bado liko shavuni, akasema tu, "Mstari wa nne," akageuka na kwenda zake. Mke wa Mtego, ambaye wakati huo alikuwa hai, aliuliza kama yule kijana ana akili timamu. Mtego akamwambia huyo ndiye pekee mwenye nazo mtaani.

Kizazi kilichokuja baadaye kilikuwa cha namna nyingine. Hawa hawakuandika. Mtego alipomaliza kujaza ubao, walinyanyua simu zao kwa pamoja kama waumini, wakapiga picha, wakaziweka mfukoni na kurudi kwenye mazungumzo yao. Kiongozi wa darasa, kijana mwenye mashavu na tai isiyofunguliwa kamwe, alizikusanya picha zote na kuzipeleka duka la fotokopi nje ya lango, zikatoka zimebanwa vizuri na jalada la bluu. Hizo wakaziita nakala, na kila mmoja alikuwa nazo kwapani. Hakuna aliyezisoma mpaka wiki ya mtihani. Ingekuwa mtu anashiba kwa kupiga picha ya sufuria, basi wangekuwa wamenenepa.

Katika muhula wake wa mwisho, Mtego aliwawekea mtego wa kwanza, wa tangi. Aliandika kwamba tangi lina maji lita themanini; yakaongezwa kwa robo yake, kisha yaliyopatikana yakapunguzwa kwa robo yake; kwa hiyo maji yanarudi palepale, themanini. Aliweka chaki chini akangoja. Mtoto wa darasa la sita wa zamani angeruka juu ya dawati, kwa maana robo ya themanini si robo ya mia, na yanayobaki ni sabini na tano. Hakuna aliyeruka. Kisha simu zikanyanyuka.

Kipindi kingine akaandika kwamba sarafu ikirushwa mara mbili, nusu na nusu ni moja, kwa hiyo lazima upande wa kichwa utokee. Mle ndani mlikuwa na nahodha wa timu ya mpira ya chuo, kijana aliyepoteza kura ya sarafu mechi baada ya mechi. Alipiga picha kama wengine. Mtego akaja na wastani: kundi la watu kumi lina wastani wa arobaini, kundi la watu arobaini lina wastani wa themanini, basi wote pamoja ni sitini. Simu. Mtego akaanza kutega waziwazi, mitego ambayo hata kipofu angejikwaa nayo, na kila mara aliweka chaki chini, akasimama kando ya ubao na kifutio mkononi kama mtu anayengoja mgeni kituoni. Mgeni hakushuka.

Mle ukumbini, safu ya tatu karibu na dirisha, alikaa mpwa wake. Alikuwa binti wa mdogo wake wa kike, mjane aliyemlea kwa cherehani, na aliletwa akae kwa mjomba wake ili asome uandishi wa habari. Binti huyu alikuwa mwepesi wa macho. Nyumbani alijua sukari imepungua kabla hajafunua kopo, na fundi wa bomba akidanganya alimkamata kwenye neno la pili. Mtego hakumsaidia kwa lolote la chuo, wala binti hakuomba. Lakini kila alipoweka chaki chini jicho lake lilikwenda safu ya tatu, na binti alikuwa anaangalia daftari lake.

Mtihani ukafika. Mtego alitunga maswali yaleyale kwa mavazi mengine: tangi likawa gunia la mchele la kilo themanini, sarafu ikawa kuchagua njia mbili, makundi yakawa madarasa ya shule. Alikuwa na tumaini la kipumbavu kwamba mtu akiwa peke yake na karatasi, bila simu, kichwa kitalazimika kuamka.

Alisahihisha kwenye meza ya kulia, alasiri moja, mlango uko wazi. Karatasi ya kwanza: gunia linarudi palepale. Ya pili: linarudi palepale. Ya kumi, ya ishirini, palepale, palepale. Mmoja alisahau hata kubadilisha mavazi, akaandika kwamba tangi la mchele linabaki na lita themanini. Mwingine aliongeza kwa herufi kubwa, "kama tulivyofundishwa." Kila uongo aliouweka ubaoni kwa mkono wake ulikuwa umemrudia kwa unadhifu, na mstari umepigwa chini yake kwa rula. Alipofika kwenye karatasi ya mpwa wake aliisoma akisimama. Palepale.

Binti aliingia na chai, akaona karatasi iliyo juu ni ipi, akaiweka chai polepole.

"Mjomba, lile la tangi niliona," akasema.

"Uliona lini?"

"Siku ileile. Hata chaki hujaiweka chini."

"Na hukusimama."

"Ningesimama wangesema najipendekeza kwa mjomba wangu. Wale hawasahau, mjomba. Wangeniimba mpaka namaliza chuo."

Mtego alikaa. Aliuliza yale mengine je, la sarafu, la wastani. Binti akasema hayo pia, karibu yote.

"Haya, ukumbini uliona haya. Kwenye mtihani hapakuwa na wa kukuimba. Uliandika nini hapa?"

"Niliandika cha kwenye nakala."

"Unajua ni uongo."

"Najua. Lakini kila mtu angeandika hivyo. Kama anayesahihisha angekuwa mwingine, mimi na ukweli wangu ndio tungekula sifuri."

"Anayesahihisha ni mimi."

"Siku hizi mambo yanabadilika, mjomba. Sikuwa na hakika." Akapangusa meza isiyo na vumbi. "Na wewe ungesema tu. Kipindi kinakwisha, unasema jamani hapa niliwatega. Ingekupunguzia nini?"

Chai ikapoa. Wale waliokuwa hawaoni aliwaweza. Alishawadharau siku nyingi na dharau hiyo ilimtunza vizuri kama koti. Lakini kwa mtu anayeona, anayejua kwamba ameona, kisha anaandika uongo kwa mwandiko mzuri ili asiwe peke yake, hakuwa na dawa, wala hakujua kama hilo lilikuwa jambo la hisabati.

Akawafelisha. Ukumbi mzima kasoro wachache waliookoka kwa maswali mengine, na mpwa wake hakuwemo kati ya wachache hao. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu: bila somo hilo hakuna cheti, na mwaka mzima unarudiwa.

Mdogo wake alipiga simu kabla matokeo hayajabandikwa. Hakusalimia. "Kaka, mtoto nimemlea kwa cherehani mpaka miguu imevimba, leo wewe unamnyima cheti kwa sababu ya tangi la maji?" Mtego akajaribu kumweleza kwamba si tangi, mdogo wake akasema basi ni gunia, alikwisha sikia kuna na gunia, na akakata.

Mkuu wa Idara akamwita. Huyu alikuwa mtu mpole ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, mwenye kalamu inayoning'inia shingoni kwa kamba kama filimbi ya refa. Alikuwa na shahada zinazojaza ukuta, na chini ya shahada hizo alikuwa ameketi na zile nakala za jalada la bluu mezani, amebandika vikaratasi vya njano kwenye kila ukurasa wenye mtego. Wanafunzi wameshalalamika, alisema, na kwa kweli wana hoja: walichoandika ndicho kilichokuwa ubaoni. Mtego alimweleza desturi yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Mkuu alisikiliza kwa heshima zote.

"Mzee wangu," akasema, "ukimfelisha mmoja, huyo ni mzembe. Ukifelisha ukumbi mzima, mzembe ni nani?"

Kisha akatoa dawa. Haki ya mwanafunzi ni kutahiniwa katika alichofundishwa. Alifundishwa kwamba maji yanarudi palepale. Basi kwa mtihani huu tu, palepale lihesabiwe jibu sahihi. Aliyeandika sabini na tano, kama yupo, naye apewe alama, asionewe mtu. Mtego atie saini, mambo yaishe.

"Yote mawili sahihi?" Mtego akauliza.

"Kwa mwaka huu."

"Na maji? Maji yenyewe umeyauliza?"

Mkuu akacheka, akidhani ni utani wa kizee. Mtego alisema anaweza kutia saini kwamba ameshindwa kufundisha, na karatasi hiyo ailete sasa hivi. Lakini hatatia saini kwamba themanini ni sabini na tano. Mkuu akamtazama kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililouma zaidi, akavuta ile kalamu ya shingoni, akatia saini mwenyewe.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Somo lilihamishiwa kwenye kompyuta, mwanafunzi anachagua herufi na mashine inampongeza kwa muziki. Ukumbi wa chini ukajazwa viti vibovu, maana stoo ilikuwa imefurika. Mtego akapumzishwa kwa heshima, na heshima yenyewe ilikuwa chupa ya chai iliyofungwa utepe. Binti alihamia kwa rafiki zake bila ugomvi. Alifua mapazia kabla ya kuondoka na kumwachia mjomba wake mboga kwenye jokofu.

Siku ya mahafali Mtego alialikwa, pengine kwa kusahaulika kufutwa kwenye orodha. Alikaa nyuma kabisa. Mdogo wake alikuwa mbele, nguo yake ameishona mwenyewe na imemkaa, na aliposimama kutafuta nafasi macho yake yalimruka kaka yake kama anaruka dimbwi. Wahitimu walikaa katikati kwa majoho ya kukodi. Nahodha wa mpira joho lilimwishia magotini.

Mkuu wa Idara akapanda jukwaani. Alisema kwamba zamani Hisabati ya Msingi ilikuwa kikwazo kwa vijana wetu, kwamba mwaka uliopita waliofaulu walikuwa asilimia sabini tu. "Mwaka huu, kwa mageuzi tuliyoyafanya, nafurahi kuwatangazia kwamba waliofanya mtihani huu wamefaulu kwa asilimia mia moja na nne."

Pengine walichanganya waliorudia na wasiorudia, pengine ilikuwa ile mashine. Wazazi walipiga vigelegele. Kiongozi wa darasa alisimama, tai imemkaba, akanyanyua mikono yote miwili kama aliyefunga bao. Wote wale wakashangilia asilimia mia moja na nne, waandishi wa habari wa kesho, mameneja wa hoteli wa kesho, na Mtego akapitisha macho safu baada ya safu akitafuta uso mmoja uliokunjamana.

Aliupata. Mpwa wake alikuwa hajapiga makofi. Alikuwa amegeuza shingo, anatafuta nyuma, safu kwa safu, mpaka macho yao yakakutana, na pembe ya mdomo wake ilikuwa imeanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyemkamata fundi wa bomba. Mkono wake wa kulia ulipanda mpaka usawa wa bega. Mtego akainuka nusu kutoka kwenye kiti.

Jirani yake binti akamgusa kiwiko, akamwambia neno. Binti akatazama mbele. Ule mkono ukashuka ukakutana na mwenzake, akapiga makofi, kwanza polepole, kisha kama wengine.

Walitoka kwa mlango mkubwa, majoho yanapepea, mama zao nyuma. Mtego alitoka kwa mlango wa pembeni, na hakuwaona tena.