Nilizika Kipande cha Tumbo la Mke Wangu kwa Kijiko

Nimekosa, na kosa langu lina kaburi. Liko hapa Garissa, pembeni kabisa ya makaburi yetu, dogo kuliko kibiriti. Mchimbaji ni mimi. Nilitumia kijiko cha jikoni.

Ukitaka kucheka, cheka. Nimeshazoea.

Mimi ni mzee wa msikiti. Nimesomesha watoto Kurani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kabla ya hapo nilikuwa dalali wa ngamia. Watu huniita Maalim. Wakigombana, huja kwangu niwaapishe. Wakitaka kujua lipi halali na lipi haramu, huniuliza nami hujibu. Hujibu hata nisichokijua! Kila aliyeniuliza aliondoka na jibu lake, na hakuna aliyerudi kunikosoa. Hapo ndipo nilipoharibika.

Mke wangu nitamwita Mama Nasra. Alilalamika tumbo kwa miaka mingi. Mimi, daktari wa kujiteua, nilimwambia ni vidonda, anywe maziwa ya ngamia na asubiri. Alikunywa. Alisubiri. Nami nikaisifu subira yake mbele ya watu, maana subira ya mwenzako ni rahisi sana kuisifu.

Binti yetu Nasra, mwalimu wa sekondari, ndiye aliyechoka akampeleka hospitali. Mama yake akamezeshwa kamera, vikakatwa vinyama vidogo kutoka kwenye ukuta wa tumbo. Baada ya siku kadhaa tukaitwa. Daktari alikuwa msichana wa hapa hapa kwetu. Aliniita Adeer, kama tunavyowaita baba zetu wadogo.

“Adeer, nasikia ulikuwa mtu wa ngamia.”

“Nimezaliwa nao.”

“Ngamia wa koo tatu wakichanganyika kisimani, unajuaje yupi ni wa nani?”

Nikacheka. “Natazama chapa. Shingoni, shavuni, pajani. Hata mtoto anajua.”

“Basi tumbo la mama liko hivyo,” akasema. “Ukuta wake umekuwa na uvimbe siku nyingi. Mahali pengine seli zimeanza kubadilika. Hiyo bado si saratani, lakini ni njia inayoweza kufika huko. Na kuna mahali pamoja panaponitia shaka. Kwa darubini peke yake naona ngamia wamesongamana, siwezi kuapa ni wa nani.”

Akanieleza kwamba seli hubeba protini, na protini hizo ndizo chapa zake. Seli zenye uvimbe tu zina zake, zilizobadilika zina zake, na zile za saratani huzidisha baadhi na kupoteza nyingine. Maabara moja ya Nairobi hupaka kinyama rangi maalumu, chapa zikajitokeza.

“Na hatusomi chapa moja tukakimbilia kuamua,” akaongeza. “Tunasoma kadhaa kwa pamoja.”

Nilielewa! Wallahi nilielewa vizuri kuliko hotuba nyingi nilizowahi kutoa mwenyewe. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwa ujinga.

Kinyama chenye shaka kilikuwa kama punje ya mchele, kimegandishwa ndani ya kipande cha nta. Daktari akakitia kwenye bahasha pamoja na barua. “Sehemu ile iko hapa tu, Adeer. Kitume leo kwa basi.”

Nikaishika njia ya ofisi ya mabasi. Njiani nikafungua bahasha nikatazama. Punje ya mke wangu! Wanaume nisiowajua wataikatakata nyembamba, wataipaka rangi, wataikodolea macho. Nikakumbuka mafunzo ya ujanani, kwamba sehemu ya mwili wa Muislamu ikikatika, heshima yake ni kuzikwa. Nimewafundisha wengine hivyo hivyo.

Nilipita mbele ya nyumba ya imamu wetu kijana. Alikuwa amekaa barazani. Swali lilikuwa mdomoni mwangu kabisa. Lakini nimuulize yeye? Yeye niliyemfundisha alifu kwa kijiti mchangani? Nikamsalimia, akaitikia, nikapita.

Nyumbani nilichukua kijiko. Nikakata kitambaa kwenye ihramu yangu ya hija, niliyoiweka ije kuwa sanda yangu. Baada ya alasiri nikaenda makaburini, nikachimba, nikaifunga ile nta, nikaizika. Nikaomba dua hata machozi yakanitoka. Kijiko nikakichomeka pale kiwe alama. Nikarudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetoa sadaka.

“Umetuma?” akaniuliza Mama Nasra.

“Nimetuma.”

Neno moja tu! Kuzika nilikosea nikidhani ni ibada. Lakini hili la kusema nimetuma halikuwa na aya wala hadithi. Ulikuwa uongo mtupu, tena nikiwa na udhu.

Wiki zikapita, moja, mbili, tano, nane. Mke wangu alianza kuacha nusu ya chakula kwenye sahani, kisha robo tatu. Akiuliza majibu, nasema Nairobi kuna foleni. Akawa pia anatafuta kijiko chake. “Vilikuwa sita,” anasema akipekua kabati, “kijiko kina miguu?” Mimi nazungusha tasbihi.

Kisha daktari akampigia Nasra simu. Maabara haijapokea kitu.

Unadhani nilikiri? Nikasema, “Waulizeni watu wa basi.”

Nasra akaenda ofisi ya vifurushi kama moto wa nyika, mimi nyuma yake kwa mwendo wa heshima. Karani alikuwa kijana mpole mwenye daftari kubwa.

“Mmepoteza tumbo la mama yangu, halafu mnakunywa chai!” Nasra akamwambia.

“Dada, daftari hili hapa. Siku hiyo hakuna bahasha ya hospitali.”

“Kwa hiyo baba yangu ni mwongo? Unamjua ni nani huyu?”

“Namjua. Amenisomesha.”

Watu wakajaa. Wauza maziwa waliokuwa wakisubiri basi wakasogea na madumu yao. Mkubwa wa ofisi akamwambia karani kwamba mambo yasipoeleweka leo, kesho asije kazini. Kijana akalifunga daftari lake.

“Niapisheni,” akasema. “Leteni msahafu hapa hapa. Na aniapishe Maalim mwenyewe. Simtaki mwingine.”

Ya Rabbi! Msahafu ukaletwa, nikawekewa mkononi. Mikono hii imewaapishia watu visima, ndoa na mifugo, kutoka hapa hadi Griftu kule Wajir. Siku hiyo ilikataa kunyanyuka. Yule kijana alikuwa ameshanyoosha mkono wake, msafi, anangoja.

“Asiape,” nikasema. “Hana kosa. Nilizika.”

“Ulizika nini, Aabo? Ulizika nini, baba?” Nasra akauliza.

“Mama yako.”

Nilichagua maneno vibaya. Mama mmoja wa maziwa akaanza, “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun,” mwingine akadondosha dumu, na mzee mwenzangu wa safu ya kwanza msikitini akanipa pole ya msiba. Ilinibidi nieleze yote, kutoka nta hadi kijiko, mbele ya hadhira kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuhutubia. Na hakuna aliyesinzia!

Tulikwenda makaburini. Kijiko hakikuwepo. Nasra alichimba kwa mikono mpaka akapata kitambaa cha ihramu. Joto la Garissa lilikuwa limeyeyusha nta mchangani, na siafu walikuwa wamemaliza kazi yao. Daktari alitazama kile kitambaa, akakikunja polepole. “Hapa hakuna cha kusoma, Adeer.”

Imamu kijana nilimuuliza siku hiyo hiyo, nikiwa nimechelewa miezi miwili. Akanijibu kwa adabu iliyoniumiza kuliko kofi. “Maalim, kipande cha kumpimia aliye hai kinamtumikia aliye hai kwanza. Ungeniuliza, ningekujibu kabla hujavua viatu.”

Mama Nasra alinisikiliza hadi mwisho, ameshika tumbo. “Umenizika nikiwa hai, Maalim,” akasema. “Tena kwa kijiko changu!” Siku zote huniita Baba Nasra. Akiniita Maalim, najua nimekwisha.

Akameza kamera mara ya pili. Kipande kipya nilikipeleka Nairobi mwenyewe, nimekishika mapajani kwa mikono miwili. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akaniuliza, “Mzee, umebeba nini?” Nami, kwa kuogopa kusema uongo tena, nikajibu, “Mke wangu.” Niliteremshwa. Basi zima lilinisubiri nikieleza protini kandokando ya barabara, kwa Kiswahili changu cha sokoni, hadi askari akachoka akanirudishia kitambulisho.

Majibu yalikuja. Pengi kwenye tumbo palikuwa na chapa za uvimbe na mabadiliko. Mahali pale pamoja palikuwa na chapa za saratani. Alipasuliwa, nusu ya tumbo ikatolewa. Kabla ya upasuaji daktari alisema nyama itakayotoka itapelekwa maabara, akaomba sahihi. Mama Nasra akanyakua kalamu. “Nipe nitie mimi, haraka, kabla huyu hajakwenda jikoni.”

Alhamdulillahi, yuko hai. Anakula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, kwa vijiko vitano vilivyobaki. Yule karani nilimwomba msamaha mbele ya watu wale wale, akanisamehe. Lakini sasa nikituma hata tende, hunitaka nitie sahihi mara mbili, kisha huninyanyulia daftari nione.

Basi nawe ndugu yangu unayejibu haraka, wewe ambaye watu hukubusu mkono, chunga sana! Nenda ukamuulize aliye mdogo kwako. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Bahasha ya hospitali ipeleke ilikoandikiwa. Na ukishakosea, usimwachie mtu mwingine aape kwa ajili yako.

Nilimuuliza daktari jambo moja tu. Kipande cha kwanza, kabla ya ile miezi miwili, kilikuwa bado kwenye mabadiliko tu, au saratani ilikwisha kuingia? Je, ile nusu ya tumbo ingeokoka?

“Sijui, Adeer,” akasema. “Chapa zake hatukuziona.”

Mama Nasra naye huniuliza swali hilo hilo wakati mwingine, akiweka kijiko chini baada ya tonge la tatu. Mimi, niliyekuwa na jibu kwa kila mtu, humwambia sijui. Jibu lake nililizika kwa mikono yangu.