Nukta Kumi na Saba za Mama Vidoa

Ofisini walimwita Mama Vidoa, naye hakuchukia. Alisoma eksirei za vifua hospitalini miaka kumi na tisa, kisha chuo kikamwajiri asome eksirei nyingine: zile zitokazo angani, zinazonaswa na darubini iliyo kwenye setilaiti.

Siku hiyo mezani palikuwa na picha ya kundi la nyota, malaki yaliyosongamana kama mpira. Vyanzo vikali vya eksirei viling'aa; hivyo kila mtu alivijua. Kati yavyo kulikuwa na nukta hafifu, nyingine za chembe tano tu za mwanga kwa siku nzima ya kutazama.

"Hizo takataka za mtambo," alisema Profesa, mkuu wa idara, hata kuketi hakuketi. "Futa. Orodha ya vyanzo itoke Ijumaa."

"Sifuti, Profesa."

"Unasemaje?"

"Sifuti. Nimezipima zote kumi na saba. Takataka za mtambo hutapakaa ovyo; hizi zimejazana pale pale zinapojazana nyota."

"Mama, wewe fundi wa picha. Mambo ya nyota tuachie wenyewe."

Nyumbani mdogo wake akamsihi. "Dada, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nimeubusu mpaka midomo imechubuka."

Ijumaa alipeleka orodha na nukta zote, chini kaandika: *Zikiwa uongo, lawama ni yangu.* Jumatatu akakabidhiwa barua ya kuhamishiwa stoo ya picha za zamani, chumba kisicho na dirisha.

Walidhani wamemkomoa. Mwezi wa tatu wa kukaa stoo akakuta humo picha ya kundi lile lile, iliyopigwa miaka sita nyuma. Akazilinganisha mpaka shingo ikakakamaa. Kisha akaingia kwenye kikao cha idara bila kualikwa, akazibandika ukutani zote mbili.

"Kumi na moja zipo palepale," alisema. "Sita sizioni kwenye ya zamani. Huenda wakati ule zilikuwa zimefifia, huenda nilikosea; hizo sizitetei. Lakini hizi kumi na moja ni nyota pacha, mfu anamfyonza mzima taratibu. Anayetaka kuzifuta aje azifute mbele yangu."

Profesa aliinuka, akazihesabu kwa kidole moja moja. "Rudi mezani kwako, Mama."

"Nilihamishwa kwa barua. Nitarudi kwa barua."

Akarudi stoo, akaketi, akaendelea na kazi. Barua ilimfuata Alhamisi, pamoja na orodha mpya: nukta kumi na moja, na jina lake kamili juu yake.