Bakuli la Mama Ngalula

Harufu ya majivu yaliyolowa bado hunirudisha Kamina, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, enzi za Wabelgiji, kiangazi kile nilipokuwa na kama miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kuchuja majivu ya maganda ya ndizi kwa kikapu. Maji yaliyodondoka yaliteleza vidoleni kama sabuni, na kambo, yaani bibi yangu, aliyatia kwenye sombe ili yale majani ya muhogo yalainike. Kambo alikuwa mtu wa kushuku, jamani! Alishuku mvua, alishuku padri, na zaidi ya wote alimshuku Mama Ngalula, jirani yetu kutoka Kasai, mke wa karani. “Kikulacho ki nguoni mwako,” alituonya kila jioni. Nasi tukajifunza kumtazama yule mama kwa jicho la pembeni, ingawa, Mungu anisamehe, hakuna jirani aliyetupenda kama yeye.

Siku moja mdogo wangu alishikwa na homa. Mama Ngalula akaleta sufuria ya maji mekundu ya maua ya ngai-ngai, machachu ya kukunja uso. Alionja kwanza mwenyewe, kama desturi inavyotaka, kisha akaomba bakuli. Nikampa. Alipomimina kidogo tu, wekundu ukageuka kijani cheusi mbele ya macho yetu. “Yesu wangu! Iko sumu!” kambo akapiga kelele, akamvuta mtoto. Mama Ngalula akachovya kidole, akakisugua, akanigeukia polepole. “Mutoto, mu hii bakuli mulikuwa nini?” Mlikuwa na masalio ya maji yangu ya majivu, ambayo kwa macho yalionekana kama maji ya kusuuzia. Nilijua. Niliiona pia fimbo ya kambo pale ukutani. Nikajibu, “Hapana kitu, mama.”

Alikwenda kwake akachuma ndimu, akaikamulia bakulini, na kile kijani kikarudi kuwa chekundu kabisa. Akakinywa chote tukimtazama. Nilishusha pumzi, nikidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza! Kambo alitikisa kichwa, akawaambia wanawake waliojazana uani: “Muona? Muloji njo anajua dawa ya sumu yake.” Tangu siku ile Mama Ngalula aliitwa mchawi, na hakuna aliyepokea chakula chake wala mkono wake. Kabla ya mvua mumewe aliomba kuhamishwa, wakapanda treni ya Kasai, naye hakuangalia nyuma.

Mwaka jana nilialikwa shuleni kwa mjukuu wangu. Mwalimu alimimina maji ya maua mekundu kwenye glasi, akatia maji ya majivu, akatia ndimu, akaeleza ukali wa ndimu na ukali wa majivu unavyopingana. Watoto wakapiga makofi, wakamwita fundi. Mjukuu wangu akaninong’oneza, “Kambo, kwa nini unalia?” Nikafungua mdomo nimwambie. Nikasema, “Hapana kitu, mama.”