Ratili Sitini

Bibi yangu Hedwiga, mama wa mama yangu, alikuwa na mguu mmoja mfupi. Hakuzaliwa hivyo. Aliteleza na kuni akiwa msichana, nyonga ikaunga vibaya, na tangu hapo alitembea kama mtu anayepanda ngazi hata mahali palipo sawa. Katika vijiji vya milimani juu ya Kisiwani, huko Upare, mguu wa namna hiyo haukumwondolea mtu kazi yoyote, wala yeye hakuwahi kuomba aondolewe.

Mumewe, Nathanaeli, alichukuliwa mwaka 1916, Waingereza walipokuja wakiwafukuza Wajerumani. Hakupewa bunduki. Alitwikwa sanduku la risasi na kuelekezwa kusini pamoja na wanaume wengine kumi na mmoja wa kijiji. Walirudi watatu. Hao walisema kila mpagazi alibeba ratili sitini, kwa mvua na kwa jua, mwenye afya na mwenye kuhara, na kwamba Nathanaeli alikaa chini kando ya njia karibu na mto Rufiji akasema anapumzika kidogo. Mama yangu, Eliakunda, alikuwa bado anatambaa.

Miaka ishirini ikapita. Mwaka 1936 vuli ilikuwa imekatika mapema, na maharage ya bibi yalikuwa yameanza kutoa maua. Maharage yakikosa maji wakati wa maua hayakungoji. Alikuwa na shamba hilo moja tu, na tegemeo lake lote lilikuwa ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Usiku kucha hukusanya maji ya kijito, na asubuhi hufunguliwa yashuke kwa mfereji hadi kwa kaya yenye zamu siku hiyo. Kila kaya ilipata ndiva nzima, mara moja katika siku tisa. Kwa sababu hiyo, ukuta ukibomoka, pembe ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ilipigwa na kila kaya ikatoka kujenga. Asiyejenga hakupata maji. Hilo hakuna aliyelibishia.

Mwaka huo ilitangazwa mizigo kumi ya mawe au udongo kwa kila kaya. Na mzigo kwetu ulikuwa ni kile ambacho mwili wako unaweza kupandisha kutoka mtoni hadi ukutani bila kukitua njiani. Kijana mwenye nguvu alileta jiwe la kutwikwa na watu wawili. Mwanamke mjamzito alileta jiwe la kukaa kiganjani. Nyumba yenye msiba ilileta udongo uliofungwa kwenye jani la mgomba, na mzee Asheri, mlinzi wa ndiva, aliupokea kwa mikono miwili. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa mzigo mmoja. Wala haikuwa huruma. Kilichohesabiwa ni kule kupanda.

Bibi alileta mizigo yake kumi kwa siku nne. Vijana walimaliza asubuhi moja. Mama yangu alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto na mizigo yake ilikwenda kwa kaya ya mumewe, kwa hiyo hakuweza kumsaidia hata kama bibi angekubali. Asingekubali.

Siku ya tano alipanda karani kutoka Same. Aliitwa Reginald, kijana wa Upare ya Kaskazini aliyesoma, mwenye soksi ndefu na mzani wa ndoano begani. Alisema Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, amefurahishwa na bidii ya watu lakini amesikitishwa na uonevu.

"Uonevu gani?" mzee Asheri akauliza.

"Mmoja analeta jiwe, mwingine kokoto, na wote wanapata maji sawa. Serikali inataka haki. Kuanzia leo mzigo ni ratili sitini. Atakayepungukiwa, na maji yake yatapunguzwa."

Hata leo nikilifikiria neno hilo haki likitoka kwenye kinywa kile, nashindwa kukaa. Walikuwa wanawapunja watu maji waliyoyachimbia mifereji tangu kabla Mzungu hajajua njia ya mlima, na wakaliita jambo hilo haki.

Mzani ukatundikwa kwenye mti. Mizigo ya kila kaya ilikuwa bado imerundikwa kwa mafungu, ikapimwa moja moja kabla ya kuwekwa ukutani. Watu walianza kwa kucheka. Susana, jirani wa bibi, alikuwa amemwagia maji tenga lake la udongo ili liwe zito. Karani alipoliona linachuruzika, akakunja uso.

"Mama, huu umelowa."

"Mzigo unalia, bwana karani. Unaogopa hiyo ndoano."

"Mpumbavu mimi?"

"Sijasema. Kama haitoshi, nining'inize na mimi, tuone tunafika ngapi."

Watu wakaangua kicheko. Lakini ulipokwisha upimaji, kicheko nacho kiliisha. Wanawake karibu wote walikuwa wamepungukiwa. Mizigo kumi ya Susana ikawa sita. Mizigo kumi ya bibi yangu ilikuwa ratili ishirini ishirini.

"Hedwiga," karani akasoma. "Mizigo mitatu, na ratili ishirini zinabaki. Hizo hazihesabiki. Kwa makadirio, atapata theluthi ya ndiva."

Bibi alikuwa amekaa chini, mguu mfupi ameukunja. "Kwanza hujanisalimu," alisema. "Wewe ni sawa na mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa niambie, hizi sitini umezitoa wapi?"

"Ni kipimo cha serikali. Mzigo wa mtu mmoja."

"Mtu yupi?"

Karani alirudi kwenye kitabu chake.

"Mimi namjua," bibi akasema. "Alikuwa mume wangu. Alibeba hizo sitini zenu hadi zikamkalisha chini, na hamkurudi kuniambia mlimzika wapi. Leo mmezileta hapa mnipimie udongo?"

Hayo alinisimulia mama yangu, aliyekuwapo. Karani alitazama soksi zake. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ametumwa tu. Ni kweli, alitumwa. Siku zote yuko mtu aliyetumwa tu, na aliyemtuma hapandi mlimani.

Mawe yakajengwa hata hivyo, kwa maana ukuta usingesubiri ugomvi. Mawe madogo ya bibi na ya Susana yalitiwa juu, kuziba nafasi kati ya mawe makubwa karibu na tundu la kutolea maji. Siku tatu baadaye ndiva ikajaa hadi ukingoni, na zamu ikawa ya bibi. Karani alikuwa bado yupo, amefikia kwa zumbe, chifu wetu, na asubuhi alikuja na kijiti alichokichonga alama, akakichomeka majini. Maji yakishuka theluthi, Asheri azibe.

Bibi alifika na tenga tupu. Mama yangu na Susana walikuwa nyuma yake. Hakumtazama mtu. Alipanda juu ya ukuta, akapiga magoti, akachomoa jiwe moja na kuliweka kwenye tenga. Akachomoa la pili.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nachukua vitu vyangu."

"Hiyo ni mali ya ndiva! Nitakushtaki, utafungwa Same!"

"Kwa kuiba nini, baba? Soma kitabu chako. Nimeleta mizigo mingapi?"

"Mitatu."

"Hiyo mitatu nawaachia. Nachukua ile saba ambayo hukuiona. Kama sikuileta, basi haimo humu, na mimi nahangaika na hewa. Niache nihangaike."

Karani alifungua kitabu, akakifunga. Susana alikuwa tayari amepandisha kanga yake magotini. "Mimi nina minne yangu," alisema, akapanda. Wanawake wengine waliokuwa wakichota maji mferejini waliweka vyungu chini. Mmoja akasema yeye ana mitano. Mwingine alikuwa hajui kuhesabu, akasema atachukua hadi achoke.

Jiwe la tatu lilipotoka, maji yalianza kupenya, kwanza kama jasho, halafu kwa uzi mwembamba. Mawe makubwa ya vijana yalicheza yalipokaa. Asheri alikuwa mtu mpole, hakuwahi kugombana na serikali yoyote kati ya mbili alizoziona. Lakini ukuta aliujua.

"Hedwiga, shuka," alisema. "Wote shukeni. Ndiva ikipasuka sasa itaondoka na nyumba za chini."

"Nishuke na theluthi?"

"Shuka na maji yako."

Alipita mbele ya karani bila kumsukuma na bila kumwomba, akashuka tunduni, akakishika kizibo cha mti kwa mikono miwili na kukizungusha hadi kikatoka. Kijiti chenye alama kilielea kidogo, kikazunguka, kikaingia tunduni na kwenda na maji. Ndiva ilitoka yote, hadi tope la chini likaonekana.

Karani alisema ataandika taarifa. Aliiandika kweli, na bibi aliitwa Same mara mbili. Alishuka kwa miguu mara zote mbili, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na mara zote mbili aliambiwa Bwana Shauri hayupo. Hakuitwa tena. Kijijini Asheri aliendelea kugawa zamu kama alivyokuwa akigawa, ndiva nzima kwa kila kaya, na hakuna aliyepanda kumuuliza.

Lakini asubuhi ile bibi hakungoja kujua yatakayofuata. Alimwachia Susana yale mawe matatu ayarudishe, akashuka mlimani mbio kwa mwendo wake ule wa ngazi, jembe mkononi, ayawahi maji yasimpite. Mama yangu alimkuta katikati ya shamba, tope limefika magotini, anafungua mfereji huu na kuziba ule, maharage yanalowa mstari kwa mstari. Alikuwa bado anagomba, peke yake, kwa sauti, kana kwamba karani amesimama pale kwenye maua.

"Ratili sitini!" alikuwa anasema, na kila akisema anapiga jembe. "Sitini! Mtu yupi?"